Kurudisha Mdundo Baada ya Brekidauni: Mwongozo kwa Anayetengeneza Muziki wa Klabu

Mabishano kuhusu dropu huanza karibu kila mara mahali pasipofaa. Mmoja husema wimbo fulani haupigi unaporudi, mwingine humjibu kwamba tatizo ni spika, wa tatu hudai kwamba maprodyuza wa siku hizi wameisahau kazi, na muda wote huo hakuna aliyerudisha wimbo nyuma dakika moja ili asikilize kilichotangulia. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni kwamba dropu, yaani pale mdundo kamili unaporudi baada ya kuondolewa, hutengenezwa ndani ya brekidauni, yaani ile sehemu ambayo mdundo umeondolewa, na hata kabla yake, na kwamba ukifika kwenye pigo lenyewe la kurudi huwa umebakiwa na kazi ndogo. Nitatumia mfano wa wimbo wa hausi wenye mapigo 128 kwa dakika, kwa sababu hesabu zake hutoka sawasawa: baa moja ya mapigo manne huchukua sekunde 1.875, baa 8 huchukua sekunde 15, baa 16 nusu dakika, na baa 32 dakika nzima.

Maneno yenyewe yanataka tahadhari. Katika karamu za Bronx, New York, ambako DJ Kool Herc alianza kuwapigia watu muziki mwaka 1973, breki ilikuwa ile sehemu ambapo ala nyingine zinanyamaza na ngoma zinabaki peke yake, na ujuzi wake ulikuwa kuirefusha sehemu hiyo kwa kutumia santuri mbili. Katika hausi iliyokulia Chicago miaka ya 1980, na katika transi iliyoshika Ulaya miaka ya 1990, brekidauni ni kinyume chake: ngoma ndizo zinazoondoka, na kinachobaki hewani ni kinanda, sinthi (kinanda cha umeme kinachounda sauti zake) au sauti ya mwimbaji. Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana jambo jingine la kutenganisha. Chemko la muziki wetu wa dansi, na ndugu yake sebene ya Kikongo, humpandisha mtu mori vilevile, lakini halipitii utupu: mwimbaji hupisha, magita huingia, sneya, ile ngoma ya mlio mkali na mkavu, hubadili mpigo, na waliokuwa wakiyumba taratibu hukaza mwendo. Huko ni kubadili gia gari likiwa linakwenda. Dropu ni kuzima injini, kuliacha gari liserereke gizani, kisha kuiwasha tena, na anayechanganya mambo haya mawili hujikuta akitengeneza brekidauni ambayo haikuzima chochote.

Hatua ya kwanza: chagua kitakachokosekana

Kabla ya kugusa filta yoyote, yaani kifaa cha kukata sauti za chini au za juu, amua msikilizaji atakosa nini. Huwezi kumrudishia mtu kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, kwa hiyo kiki (ngoma nzito ya chini), besi na haihati (matoazi madogo ya jozi) unazokusudia kuzirudisha lazima ziwe zimekaa pamoja kwa angalau baa 32 bila kubughudhiwa, mpaka mwili wa mchezaji uwe umezizoea kiasi cha kutozisikiliza tena. Katika wimbo wetu wa mfano brekidauni itaanza baada ya baa 96, ambazo ni dakika 3 kamili, na mdundo utarudi baada ya baa 128, yaani dakika ya 4. Dakika hizo 3 za mwanzo ndizo mtaji wako.

Kosa ninalolisikia zaidi kwa wanaoanza ni kuitunza besi nzuri kabatini ili iwe zawadi ya dropu. Besi ngeni inapoingia baada ya dakika nzima ya kusubiri, mchezaji hulazimika kujifunza upya namna ya kuichezea wakati ule ule ambao alitakiwa aruke, na kwa baa 4 hivi utaona watu wakitazamana. Dabstepu hulifanya hilo kwa makusudi na kufaulu, kwa kuwa wasikilizaji wake wamekuja kuusubiri ugeni huo. Kwenye hausi na tekno, kinachoamsha ukumbi ni kukutana tena na kitu kilekile.

Hatua ya pili: ondoa kwa mpangilio, na uondoe kweli

Toa kiki kwanza, kisha besi, na uache haihati au shekere iendelee baa 4 au 8 zaidi ili miguu iendelee kuhesabu hata pale tumbo linapoacha kutikiswa. Baada ya hapo hakikisha kwamba hakuna kilichobaki chini ya Hz 120 (mitetemo 120 kwa sekunde) au karibu na hapo, hasa katika baa 8 za mwisho. Sentensi hiyo ni rahisi kuisoma na ngumu kuitii, kwa sababu sauti za chini hujificha: huwa zimo katika mkono wa kushoto wa kinanda, katika mwangwi wa ngoma iliyokwisha kuondoka, na hata katika pumzi za mwimbaji aliyekaa karibu mno na maiki.

Nililijifunza hili kwa aibu. Niliwahi kutengeneza wimbo nikiwa na hedifoni tu, na katika brekidauni nikaweka mvumo mzito wa sinthi kwenye Hz 50 hivi, kwa sababu ulinipa hisia ya ukumbi wa usiku. Chumbani dropu ilikuwa kali. Ukumbini, mbele ya sabufa kubwa, mvumo ule ulitikisa viti kwa dakika nzima, na kiki iliporudi haikuwa na pa kuingilia, kwa maana kifua cha kila mtu kilikuwa tayari kimejaa. Nakumbuka mchezaji mmoja aliyekuwa amenyanyua mikono tayari kwa kuruka, akaishusha polepole kama mtu aliyepungia gari lisilosimama. Nilipokata kila kitu chini ya Hz 150 katika mvumo ule, bila kugusa dropu hata kidogo, wimbo ulipona.

Hatua ya tatu: pima urefu wa kusubiri

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha katika jarida la Nature Neuroscience matokeo yaliyoonyesha kwamba ubongo hutoa dopamini wakati mtu anaposubiri kilele cha muziki anaoupenda na tena kilele kinapofika, na kwamba sehemu za ubongo zinazohusika katika nyakati hizo mbili si zilezile. Wao hawakuwa wakipima dropu za klabu, ila kwa mtengenezaji wa muziki maana yake inaeleweka: kusubiri nako ni sehemu ya chakula.

Urefu wenyewe hutegemea aina ya muziki na saa ya usiku. Tekno inayopigwa saa tisa za usiku hutosheka na baa 8 au 16, kwa sababu watu wameingia katika mwendo na hawataki kuamshwa. Transi huweza kukaa dakika mbili, kwa kuwa melodia yake ina jambo la kusimulia. Singeli ni ulimwengu mwingine kabisa, kwani hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa mapigo 240 baa moja ni sekunde moja tu, kwa hiyo hata ukikata ngoma kwa baa 4 ili MC amalizie mstari wake, utupu ni wa sekunde 4, na miguu haijapata hata nafasi ya kupoa. Jiulize swali moja: je, katika brekidauni yako kuna kitu kinachosonga mbele kila baa 8? Kama melodia inajirudia mara nne bila kukua, baa 32 ni nyingi, na ni afadhali ukate nusu. Kwa vyovyote vile baki kwenye 8, 16 au 32, au 64 kwa transi ndefu. DJ anayechanganya nyimbo mbili huhesabu kwa mafungu hayo, na ukimpa brekidauni ya baa 27 atakuchukia kimyakimya na hataupiga tena wimbo wako.

Hatua ya nne: baa 8 za mwisho

Hapa inafaa kwenda polepole, baa kwa baa, kwa sababu hapa ndipo programu za kompyuta zinapomshawishi mtu aweke kila kitu kwa pamoja.

Katika baa 1 hadi 4 za fungu hili, sneya ipige mara moja kwa kila pigo, kwa sauti ndogo, ikiwa imetiwa mwangwi wa kutosha kuisogeza mbali. Katika baa ya 5 na ya 6 iongezeke mara mbili, igonge mara nane kwa baa. Baa ya 7 iwe na kumi na sita. Baa ya 8 ianze kwa mwendo wa thelathini na mbili, lakini ikatishwe katikati, baada ya pigo la pili, na nitaeleza sababu katika hatua inayofuata. Sambamba na sneya, filta ya kukata sauti za chini ipande taratibu ikianzia baa 16 kabla ya dropu, kutoka Hz 30 hadi Hz 300 au 400, ikishika ala zote kwa pamoja, ili muziki uonekane kama unainuliwa kutoka sakafuni. Ule mvumo wa kupanda, unaofanana na mvua inayokaribia kwenye paa la mabati, uanze katika baa ya 5 tu.

Angalia kwamba vitu hivi vitatu havianzi mahali pamoja. Vikianza pamoja msikilizaji hutambua baada ya sekunde 2 kwamba dropu itafika baada ya sekunde 13, na hizo 13 zinakuwa za kupoteza muda. Mwaka 2014 kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live cha Marekani kilitoa mchezo mzima wa kumdhihaki DJ anayeukawiza mdundo huku umati ukirukwa na akili, na dhihaka ile ilichoma kwa sababu ngazi ya sneya na mvua ya mabati zilikwisha kuwa kama tangazo la biashara ambalo kila mtu analijua kwa moyo. Sisemi uziache. Nasema uondoe moja kati ya tatu, usikilize, na mara nyingi hutairudisha.

Hatua ya tano: ukimya

Nusu ya pili ya baa ya 8, yaani mapigo mawili, ni chini kidogo ya sekunde moja. Ukiiacha tupu kabisa, au ukaweka neno moja la mwimbaji bila kitu kingine, unampa mchezaji nafasi ya kuvuta pumzi. Wapo wanaoshikilia kwamba ukimya umechakaa na kwamba ni bora sneya iunganishwe moja kwa moja na kiki. Hoja yao ina nguvu katika tekno, ambamo kukatika kwa mwendo ni kasoro. Kwenye hausi yenye waimbaji siafikiani nao.

Ila kuna jambo la kifizikia ambalo pande zote mbili hulisahau. Ukumbi mkubwa wenye kuta za saruji huwa na mwangwi wake wenyewe, unaoweza kuchukua zaidi ya sekunde moja kufa, kwa hiyo ukimya wa pigo moja, ambao ni sekunde 0.47, hujazwa na mabaki ya sneya na hausikiki kama ukimya. Ukimya unaotosha kwenye hedifoni ni mfupi mno kwa ukumbi. Ndiyo maana napendelea mapigo mawili, na ndiyo maana naukata mwangwi wa kila ala pale pigo la pili linapoisha, badala ya kuuacha ujifie wenyewe juu ya kiki inayorudi.

Hatua ya sita: pigo la kwanza

Kiki, besi na toazi viingie pamoja, na kisiingie kingine. Kompresa, kifaa cha kubana ukubwa wa sauti, iibane besi kidogo kila kiki inapopiga ili zisigombee nafasi moja, na kiki yenyewe ioanishwe na ufunguo wa wimbo, yaani noti yake ya msingi. Wimbo ulio katika A hupendeza kiki ikikaa karibu na Hz 55.

Kuhusu ukubwa wa sauti, usiipandishe dropu. Shusha brekidauni. Limita, kizuizi cha ukubwa wa sauti kilichopo mwisho wa mnyororo wa vifaa, ina dari moja kwa wimbo mzima, na kama brekidauni imejaa sinthi zinazoigusa dari hiyo, dropu haina pa kupanda. Utakachopata ni kiki iliyobanwa mpaka ikawa kama mtu anayegonga meza kwa kiganja. Punguza brekidauni yote kwa desibeli 2, na baa 8 za mwisho kwa nyingine moja, hatua kwa hatua, ili sikio lisigundue. Fanya vivyo hivyo na upana: sogeza sauti zote katikati kadiri dropu inavyokaribia, kisha zifungue kushoto na kulia kwenye pigo la kwanza.

Hatua ya saba: amua kama melodia inarudi na mdundo

Huu ndio ugomvi halisi, na mengine yote ni maandalizi yake. Kundi la kwanza linasema kwamba melodia iliyochanua katika brekidauni lazima irudi juu ya mdundo, kwa sauti kubwa kuliko awali, vinginevyo msikilizaji amedhulumiwa. Hii ndiyo kanuni ya transi na ya muziki wa majukwaa makubwa ya tamasha. Kundi la pili linasema kwamba melodia imekwisha kusema yake, na mdundo ukirudi peke yake mtu huijazia melodia kichwani mwake, jambo ambalo lina raha kubwa zaidi. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wa tekno na wengi wa hausi ya chini kwa chini.

Kila upande hutaja nyimbo zake, na mifano mingine huwasumbua wote wawili. Strings of Life, aliyoitoa Derrick May wa Detroit mwaka 1987 kwa jina la Rhythim Is Rhythim, haina mstari wa besi kabisa, na bado kwa miaka zaidi ya 30 imekuwa ikinyanyua kumbi ngoma zinaporudi chini ya kinanda na nyuzi zake. Hiyo inamjibu anayedai kwamba dropu ni besi. Amapiano ya Afrika Kusini, yenye mwendo wa mapigo kama 112 kwa dakika, humjibu anayedai kwamba dropu ni kiki: mara nyingi shekere huwa haijawahi kusimama, kiki yenyewe ni hafifu, na kinachoangusha ukumbi ni ile logi dramu inayoingia na kugonga kama gogo tupu, katika nafasi ambazo huzitarajii.

Mimi nimekaa karibu na kundi la pili, kwa sharti. Kama melodia ilisikika kwa mara ya kwanza ndani ya brekidauni, basi hujamaliza kuitumia, na irudi na mdundo. Kama ilikwisha kusikika kabla, iache nje kwa baa 8 za kwanza, yaani sekunde 15, na uirudishe kwenye baa ya 9 wakati mchezaji amekwisha kukubali kwamba haiji. Kwa njia hiyo unapata marejeo mawili kwa gharama ya brekidauni moja. Kwenye baa ya 17 ongeza kitu kidogo, haihati iliyo wazi au kofi la mkono, kwa kuwa dropu isiyobadilika kwa baa 32 huchosha hata ikiwa na pigo la kwanza la ajabu.

Hatua ya nane: dropu ya uongo, ukitaka

Kukaribia kurudi kisha kuwanyima watu, ukaendelea na brekidauni kwa baa 8 zaidi, ni hila halali. Itumie mara moja tu katika wimbo, na uhakikishe kwamba kilichopo katika hizo baa 8 za nyongeza ni kizuri kuliko kilichotangulia.

Hatua ya tisa: pima nje ya chumba chako

Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wakiwa katika maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu husikia sauti za chini kwa udhaifu zaidi pale ukubwa wa sauti unapokuwa mdogo. Kwa hiyo anayefanya kazi usiku kwa sauti ndogo ili asiwaamshe majirani atadhani besi haitoshi, ataongeza, na ukumbini itakuwa tope. Sikiliza mpito huo, kuanzia baa 16 kabla ya dropu hadi 16 baada yake, kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti kubwa, kisha kwenye simu. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa Hz 55. Kama dropu inapotea kabisa humo, kiki yako haina mlio wa juu, ule mgoto mkavu wa kati ya Hz 2,000 na 4,000, na inahitaji kuongezewa.

Kisha tengeneza nakala mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu, mathalani moja yenye ukimya wa mapigo mawili na nyingine isiyo nao, umpe DJ unayemwamini bila kumwambia tofauti iko wapi. Mwombe azipige siku mbili tofauti, saa ileile ya usiku, nawe usimame pembeni karibu na ukuta, ambako unaziona nyuso. Usihesabu makelele, maana umati hupiga kelele kwa sababu nyingi. Tazama visigino: katika nakala iliyofaulu, vitakuwa vimenyanyuka kabla kiki haijapiga.